Tumbo Lililoogopa Wakwe

Mume wangu Walubengo ni mtu wa heshima. Nataka mlielewe hilo mapema, kwa sababu mkianza kusikia mambo ya tumbo lake mtadhani nimeolewa na mjinga. Hapana. Ni mzee wa kanisa, ni fundi wa sofa huko Kianda, Kibera, na viti vyake vimekaliwa na watu wazito wazito bila kulalamika. Hajawahi kuniinulia mkono. Hajawahi kuokotwa mtaroni kama waume wa wenyewe. Kosa lake ni moja tu: heshima ilimzidi, ikashuka hadi kwenye utumbo, ikafanya makao huko.

Tunakaa Kawangware, kwa ploti ya mzee Ng'ang'a. Tuliingia pale Derrick, kifungua mimba wetu, akiwa bado ananyonya. Mbele kuna nyumba ya mawe, ndiyo ya Ng'ang'a na mkewe Wangoi. Nyuma kuna vyumba vya mabati vilivyopangana, ndivyo vyetu sisi wapangaji. Katikati ni uwanja wa kamba za nguo na mfereji wa maji, na pembeni, kikitazamana uso kwa uso na dirisha la jikoni la Wangoi, kuna choo. Aliyekijenga hapo alikuwa na sababu zake. Pengine alitaka mpishi asikose cha kutazama.

Miaka yote hiyo choo hakikuwa na neno. Kila alfajiri Walubengo angetoka na tishu yake kwapani, akavuka uwanja kama mtu anayekwenda ofisini. Tumbo lake lilikuwa linafuata saa kuliko redio. Wangoi, akiwa jikoni na chai yake, angemwambia kupitia dirishani, "Mzee, umeamka?" naye angejibu, "Tumeamka, Mama Ciru," na kuingia zake. Hakuna aliyekufa.

Halafu Derrick akapenda. Nairobi hii yote, wasichana wamejaa kila kona, mtoto wangu hakumwona mwingine ila Ciru, binti wa mwenye ploti, ambaye walikua pamoja wakimwagiana maji pale pale mfereji. Mimi sikukasirika. Ciru ana adabu, ana kazi yake ya saluni, na anampenda mtoto wangu mpaka anamfulia soksi, kazi ambayo mimi mama yake niliikataa zamani. Ng'ang'a alinuna kidogo, ati mpangaji ameanza kwa chumba na sasa anataka mpaka mtoto, halafu akacheka mwenyewe, akakubali. Siku ya kupeleka mahari ikapangwa. Nilichambua mboga siku hiyo nikiimba.

Kumbe mwenzangu chumbani alikuwa ameanza mambo mengine.

Niliyagundua kwa tishu. Mwanamke wa nyumba anajua tishu yake inavyokwenda. Niliona ile roli inakaa. Inakaa tu, nono, kama mgeni ambaye hana haraka. Na alfajiri mzee hatoki tena. Anajigeuza kitandani, anaguna, anashika tumbo, halafu anavaa viatu na kutembea kwenda Kibera kabla hata chai haijachemka.

"Baba Derrick," nikamwuliza, "kwani tumbo limefanyaje?"

"Limevimba tu. Ni gesi."

"Umeenda choo lini?"

Akaniangalia kama nimetukana kanisani. Akaenda akafunga dirisha, akavuta pazia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Derrick, choo kile ni cha nani?"

"Si ni cha ploti."

"Ploti ni ya nani?"

"Ya Ng'ang'a."

"Ng'ang'a ni nani kwetu sasa?"

Ndipo nilipoelewa, na kwa kweli nilitaka kucheka lakini uso wake haukuruhusu. Kwetu Bungoma mkwe ni mtu wa kuogopwa. Huli naye ovyo, hupigi kelele akiwepo, na mambo ya chooni hayasemwi wala kuonekana mbele yake. Sasa mwenzangu alikuwa amekaa chini akapiga hesabu zake: choo ni cha mkwe, shimo ni la mkwe, na dirishani yupo mama wa bibi harusi mwenyewe, anakuona ukiingia na anakuona ukitoka. Kwa hiyo hataingia. Basi. Kesi imekwisha, hakimu ameenda nyumbani.

"Na hii nyumba tunayolala ni ya nani?" nikamwuliza.

"Kulala ni kulala."

"Na maji tunayokunywa?"

"Maji ni ya Mungu."

"Kodi tunalipa, Baba Derrick! Hata choo kiko ndani ya kodi."

"Kodi haiondoi ukwe," akasema, na kwa jinsi alivyotamka ungedhani ni mstari wa Biblia.

Mtaniambia, si ana kazi Kibera, si huko Kianda kuna vyoo vya kulipia karibu na karakana yake? Vipo. Ndivyo alivyotegemea. Lakini tumbo lililozoea alfajiri halibadilishwi kama zamu ya askari. Haja inakuja yeye akiwa kitandani Kawangware, anaizuia. Akifika Kianda ametembea, ametoka jasho, anakaa pale chooni na haja imeshasusa. Kesho tena, hivyo hivyo. Na Jumapili ni siku ya Bwana, haendi Kibera, kwa hiyo Jumapili tumbo nalo linafunga na kuomba.

Hapo ndipo dawa zilipoanza. Huwezi kuwa na tumbo lililovimba kwenye ploti ya Kawangware na likabaki lako. Kila mtu ni daktari. Wa kanisani walisema ni vidonda vya tumbo, aache pilipili. Mafundi wenzake wakasema ni minyoo, anywe maji ya mwarubaini. Derrick akampeleka kliniki, daktari akamwuliza haja anakwenda vipi, na mume wangu, mzee wa kanisa, mtu asiyedanganya hata urefu wa mbao, akajibu mbele ya mwanawe, "Kawaida." Akapewa dawa ya kiungulia. Ikamtibu kiungulia ambacho hakuwa nacho.

Daktari mkuu alikuwa Katunge. Huyu ni jirani yetu wa mlango wa tatu, anauza dawa za miti sokoni, mizizi kwenye magunia, unga kwenye chupa za jam. Katunge hana ugonjwa asioujua. Ukimwambia unaumwa na goti, ana unga. Ukimwambia umeachwa na bwana, ana unga. Alimkagua Walubengo kwa macho akiwa amesimama mlangoni, akatikisa kichwa.

"Mzee amefunga," akasema. "Tumbo limekauka. Asubuhi anywe maji ya moto na ndimu, mchana papai na mbegu zake, jioni nitampa kitu changu."

Na hakukosea! Hicho ndicho kilichoniuma. Kila alichosema kilikuwa sawa. Mimi pia nikaongeza changu, nikampikia mrenda, mboga inayoteleza mpaka kijiko kinakataa kushika, na ugali wa wimbi. Maji glasi juu ya glasi. Papai kila siku. Ukiona chakula cha mume wangu wiki hizo ungedhani ni mgeni wa heshima. Ila sasa nieleze: unamfungulia mtu mlango wa ndani, na wa nje yeye mwenyewe ameukalia. Dawa ikiwa nzuri ndivyo shida inavyozidi.

Jumapili moja baada ya ibada akanywa "kitu" cha Katunge kwenye kikombe, chungu mpaka macho yakatoa machozi. Tukakaa tunaongea mambo ya mahari. Mara nikaona ameacha kujibu. Jasho likaanza kwenye paji la uso. Tumbo likanguruma, nikadhani ni pikipiki inapita nje.

"Baba Derrick, nenda choo."

"Siendi."

"Kiko hapo! Hapo!"

Akachungulia kwa pazia. Wangoi alikuwa dirishani anamenya viazi, na mwenyewe Ng'ang'a amekaa nje kwenye kiti anasoma gazeti. Walubengo akarudisha pazia taratibu. Akavaa koti. Akatoka, akawasalimia wakwe zake kwa adabu zote, akainama kidogo, akatembea mpaka kwenye geti kama mtu anayebeba mayai, na huko nje nikasikia akimwita mtu wa boda boda kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu anioe.

Alikwenda mpaka Kianda. Kwa pikipiki. Kwenye barabara yenye matuta. Kukimbia choo kilicho hatua chache kutoka kitandani kwake. Alirudi jioni amelegea, amepauka, akasema alienda kuangalia mbao. Jumapili! Nikamwuliza mbao zilikuwa hali gani. Akasema zilikuwa tayari.

Mnaweza kucheka, hata mimi nilicheka, peke yangu, huku nimejifunika leso. Lakini kesho yake nilikuwa nafua nguo zake nikaona damu. Si nyingi. Damu tu, kwenye nguo ya ndani. Nilisimama pale mfereji na ile nguo mkononi, maji yanamwagika, na kicheko chote kikaniisha. Nilimwuliza akasema ni pilipili. Mtu ambaye hajaonja pilipili tangu wa kanisani wamkataze. Niliogopa, haki ya Mungu. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nalala na mficha maradhi mwenyewe, namsikia akikunja magoti gizani ili tumbo lipate nafasi.

Dawa zikamshinda kwa sababu zilikuwa zinafanya kazi, basi akapata tiba yake mwenyewe. Akaacha kula. Hesabu rahisi: kisichoingia hakitoki. Chai kidogo, mkate kipande, maji ya kulowesha mdomo tu. Fundi wa sofa anayepiga msumari kutwa nzima akawa anakula kama ndege wa kwenye kalenda. Suruali zikaanza kumwanguka. Na huko nyuma ya dirisha la jikoni kulikuwa na mtu mwingine anayehesabu sahani.

Wangoi alikuwa amesikia kwamba mkwe wake ana tumbo. Ni mama mwenye moyo, yule. Akapika supu ya thabai, ule upupu ambao Wakikuyu wanasema unasafisha damu, akaituma kwa Ciru. Ikarudi. Akachemsha nduma. Zikarudi. Akakoroga uji wa kuchachusha, akauleta mwenyewe mpaka mlangoni, na Walubengo akasimama akaangalia viatu vyake, akasema, "Asante, Mama Ciru, nimeshiba." Alisema hivyo mashavu yameingia ndani! Mimi niliupokea ule uji nikaunywa nyuma ya mlango ili bakuli lirudi tupu, lakini Wangoi si mtoto. Alikuwa ameshamwona uso.

Ciru akaja kwangu siku mbili tatu kabla ya mahari. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kucha zake nzuri za saluni anazing'ata moja moja.

"Mathe, niambie ukweli. Mzee hanitaki?"

"Nani amesema?"

"Mum analia. Anasema tangu mimi na Derrick tuseme tunaoana, mzee hali kitu chetu. Hata akitusalimia hatuangalii usoni. Dad amesema kama ni ukabila waseme mapema, asiwe anapeleka msichana kwa watu wamemkunjia uso."

Mungu wangu. Nikamshika yule mtoto mikono. Ulimi ulikuwa umejaa maneno, lakini ningeyasema vipi? Nilikuwa nimemwapia Walubengo kwamba jambo hilo litaishia chumbani. Nikamwambia Ciru mzee anampenda, ni tumbo tu, atakula siku ya mahari. Nikamwendea mzee mwenyewe jioni hiyo nikamwambia yote: mama analia, baba amekasirika, ukikataa sahani siku hiyo ndoa ya mtoto wako imeisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliumia, niliona. Kisha akasema, "Nitajikaza."

Kujikaza! Kana kwamba tatizo lilikuwa kulegea.

Siku ikafika. Kaka yake mkubwa, Wepukhulu, alikuja kutoka Bungoma kuwa msemaji wetu, mzee wa kofia na fimbo, anayeongea polepole kama mtu anayepunguza mzigo begani. Wa kanisani wakaja na sare zao. Uwanjani pakawekwa hema, wapangaji wote wakaalikwa, wenye viti wakaleta viti. Sisi wazee tukaingizwa sebuleni kwa Ng'ang'a. Salamu zikaenda vizuri. Utani ukaenda vizuri. Wepukhulu akasema tumefuata ua tuliloliona likichanua kwenye ploti hii, watu wakapiga makofi. Kisha Wangoi akaleta chakula.

Kulikuwa na mbuzi wa kuchoma, mukimo wa kupondwa, njahi, yale maharagwe meusi ya Wakikuyu, kuku, chapati. Wangoi hakumwachia msichana yeyote. Alichukua sahani, akaijaza kwa mkono wake, akapita mbele za watu wote akaipeleka kwa Walubengo, akainama kidogo. Mume wangu akaitazama ile njahi. Nilijua anachokiona. Hakuona chakula, aliona safari ya boda boda.

"Asante, Mama Ciru," akasema. "Nimeshiba."

Wangoi akabaki ameishika ile sahani.

"Umeshibia wapi, mzee?" Wangoi akauliza.

"Wangoi, weka hiyo sahani chini," Ng'ang'a akasema. Akajisogeza mbele kwenye kiti. "Mzee Walubengo, tumekaa pamoja miaka. Umenitengenezea hizi sofa. Lakini tangu hawa watoto waseme wanapendana, chakula cha bibi yangu kinarudi. Supu imerudi. Nduma zimerudi. Hata leo, mbele ya wazee. Mimi siwezi kupeana Ciru kwa nyumba ambayo itamrudisha kama inavyorudisha sahani. Kama humtaki, sema tu, tukule tuachane bila ubaya."

Ciru alikuwa mlangoni na leso ya bibi harusi kichwani. Akageuka akaondoka. Derrick akasimama, akakaa, akasimama tena. Wepukhulu akamtazama mdogo wake. Kila mtu alimtazama. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola ya shati nililolipiga pasi mimi mwenyewe, na macho yake yakanitafuta, na nilipoyaona nikajua: huyu mtu atakubali mtoto wake akose mke, atakubali hata yeye mwenyewe afe, kuliko kutamka lile neno mbele ya Wangoi. Hasira zilinipanda kutoka miguuni. Nikasimama.

Kwetu mama hasimami wazee wanaposema. Niliyajua hayo. Nikasimama.

"Baba Ciru," nikasema, "huyu mtu hamkatai mtoto wako. Huyu mtu anaogopa choo chako."

Wepukhulu alifumba macho. Walubengo alisema, "Nanyama," jina langu, kitu ambacho hakifanyi mbele za watu, na nikamwambia, "Nyamaza. Umenyamaza vya kutosha, sasa nyamaza mara ya mwisho." Nikawaambia yote. Kwamba tangu ndoa itajwe hajakanyaga mle kwa heshima. Kwamba anakwenda Kibera. Kwamba haendi tena hata huko, ameacha kula ili asitafute pa kwenda. Kwamba ana damu. Nilipofika kwa damu sikuona aibu tena. "Mnadhani ni kiburi," nikasema. "Anawaheshimu mpaka anataka kufa."

Nilikaa chini. Nilingoja wacheke. Nilijua wakicheka nitachukua watu wangu twende.

Wangoi hakucheka. Alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Mimi nilidhani ananiona mchafu," akasema. "Nilikuwa naosha sufuria mara mbili. Mara mbili, Mama Derrick, kabla ya kumpikia." Na akaanza kulia, mwanamke mzima, mwenye ploti, mbele ya wageni wa mahari.

Hapo ndipo Walubengo aliinua kichwa. Nafikiri hakuwa amewahi kuwaza kwamba heshima yake ilikuwa inampiga mtu mwingine kofi kila siku.

Ng'ang'a akakohoa. Akamgeukia Wepukhulu, mzito kabisa, bila mzaha. "Mzee, sisi hatujui mila yenu. Huko kwenu kuna njia ya kuondoa hiyo kitu?"

Wepukhulu akafumbua macho. Akaegemea fimbo, akafikiri. "Kwanza," akasema, "Walubengo, sijui nani alikufundisha hayo ya choo. Baba yetu hakuwa na choo. Tulikuwa na migomba." Mtu mmoja nyuma akaguna, akajizuia. "Lakini aibu kwa wakwe ipo, ni kweli. Na dawa yake ipo. Wakwe wakishakula mbuzi mmoja, kutoka mguu mmoja, wanakuwa watu wa boma moja. Baada ya hapo hakuna mlango wa mkwe. Kuna mlango wa nyumbani."

Mimi nimezaliwa Mbukusu, nimelelewa na nyanya aliyejua mila zote mpaka za kuku, na sijawahi kusikia hiyo. Nadhani aliitunga pale pale kwenye kiti. Mungu amzidishie miaka.

Ng'ang'a hakuuliza swali. Akachukua mguu wa mbuzi, akakata kipande, akala. Akaupitisha kwa Walubengo. Mume wangu akaushika kwa mikono miwili. Akauma. Akatafuna. Akauma tena. Wangoi akamsogezea ile sahani, naye akala mukimo, akala njahi, akala chapati, akanywa supu, akala kama mtu aliyerudi kutoka mbali, na kila kijiko kilichoingia Wangoi alikifuata kwa macho. Ciru aliitwa akarudi. Wazee wakaanza kuulizana mambo ya mbuzi na blanketi, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kisha lile tumbo likanguruma. Sebule nzima ililisikia. Mafuta ya mbuzi na njahi, juu ya tumbo lililokaa tupu wiki nzima! Walubengo akaweka kijiko chini. Akanitazama, akamtazama Ng'ang'a, akamtazama Wangoi, kule kumtazama mtu usoni ambako hakuwa amekufanya tangu mambo yaanze.

"Wakwe zangu," akasema, "naomba ruhusa. Naenda choo."

Akasimama. Akatoka kupitia mlango wa mbele. Uwanja ulikuwa umejaa: wa kanisani, wapangaji, wapishi, Katunge na magunia yake hata siku ya sherehe. Habari ilikuwa imeshapita kwa dirisha, msiniulize imepitaje, hii ni Kawangware. Watu wote wakakumbuka kazi. Mmoja akaangalia kamba ya hema. Mwingine akafunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba. Na Walubengo akavuka katikati yao, mgongo umenyooka, suti yake ya kanisani, hakukimbia, hakuinama. Alipofunga mlango, Wepukhulu aliwaashiria kina mama wa kanisa kwa fimbo, nao wakaanzisha wimbo, wakaupiga kwa vigelegele na ngoma, ili kisisikike chochote kile ila wimbo. Waliuimba wote. Waliurudia. Wakaanza wa pili.

Nimeolewa miaka mingi. Sijawahi kuletewa maua, na sidhani nitaletewa. Lakini nilisimama kwenye ngazi za Ng'ang'a nikalia kama msichana anayevishwa pete.

Siku hizi Katunge anawaambia wateja sokoni kwamba mzee mmoja wa Kawangware alipona kwa unga wake. Wa kanisani wanasema ni maombi. Kliniki nao sijui wanasema nini. Sisi tulimrudisha kliniki na safari hii akajibu maswali kama yalivyoulizwa, akaambiwa ni bawasiri ya kuzuia haja, ale mboga, anywe maji, na akisikia haja aende. Aende! Watu wanasomea hayo miaka.

Lakini jioni ile ya mahari, baada ya wageni kuondoka, tulivuka uwanja kurudi chumbani na hakuwa ameniambia neno. Nilijua linakuja. Alikaa kitandani, akavua viatu, kimoja, cha pili.

"Ulinivua nguo mbele ya wakwe," akasema.

"Nilikuvua."

Nje Wangoi alikuwa anaosha sufuria na Ciru, wanacheka kitu.

"Ningekufa, Nanyama."

"Ungekufa."

"Na heshima zangu zote."

"Tungekuzika nazo," nikamwambia. "Tungeziweka juu ya jeneza, watu wazione."

Akacheka. Halafu akalia kidogo, mume wangu, mzee wa kanisa, na mimi nikajifanya natafuta kiberiti.